Pikapu Iliyoshushwa kwa Heshima

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, katika gereji ya fundi Meshaki pale Tukuyu, pikapu ya Mzee Erasto Mwakatobe ilishushwa sentimita kumi na tano ili kulinda heshima ya ukoo. Meshaki hakuambiwa hivyo. Aliambiwa tu kwamba mzee anataka bodi ya nyuma iwe karibu na ardhi. Kwa kuwa alizoea kuwashushia magari vijana wanaovaa miwani ya jua siku za mvua, alilizunguka lile gari mara mbili, kisha akamzunguka na mzee mwenyewe, kama anayetafuta palipogongwa.

"Mzee wangu, shikamoo tena," alisema. "Hii ni gari ya ndizi."

"Marahaba. Najua. Nimeibebesha ndizi miaka kumi na tisa."

"Na inavuta kwa tairi za nyuma tu. Barabara ya Lufingo naijua, nimeshamfuata mtu kule nikarudi na kiatu kimoja. Nikikutolea majani mawili ya springi kila upande, vile vipande vinavyobeba mzigo, nikakuwekea na vyuma katikati ya springi na ekseli, itakaa chini kama bata anayeatamia. Vijana wanashusha ili waonekane. Wewe unataka uonekane na nani?"

"Shusha," alisema Mzee Erasto.

Ikashushwa. Ikatazamwa ikiwa tupu, ikapimwa ikiwa tupu, ikasifiwa ikiwa tupu. Kosa lote lilikuwa hapo, limekaa wazi kama nzi kwenye maziwa, na watu wawili wazima hawakuliona. Meshaki alijifuta grisi akasema, "Nyuma usipakie mzigo. Mtu mmoja, wawili wembamba, na iwe kwenye lami." Mzee Erasto alisikia "mtu mmoja, wawili," akaridhika. Maneno yaliyobaki yalipotelea kwenye honi za stendi.

Njiani kurudi, vijana wa bodaboda walisimama kumpigia saluti.

"Mzee wa kanisa kashusha!"

"Babu, muziki uko wapi sasa?"

Mzee Erasto, miaka sitini na minne, mweka hazina wa kanisa, mtu aliyewahi kumkemea mwalimu wa kwaya kwa kuvaa suruali ya kubana, alishika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele. Aibu ile aliichagua mwenyewe. Alikuwa akiikwepa nyingine.

Nyingine ilikuwa hii. Katika nyumba ya Mwakatobe, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Hawakugombana. Hawaonani kwa heshima ya kizamani, ambayo nyumba nyingi za Rungwe zilishaiacha kimyakimya, na nyumba hii ilikuwa bado inaishikilia kwa kucha. Mwana alikuwa Lugano, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Mkewe alikuwa Tulia. Kila asubuhi Mzee Erasto alikohoa mara tatu akikaribia migomba, ili Tulia, kama yuko njiani, apate muda wa kujifunika kanga na kuingia shambani. Kwa miaka mitatu hawakuwa wameelekezana neno hata moja. Mzee akiwa na jambo, alisimama nje ya jiko, akautazama ukuta, akamwambia mkewe kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha Nkunga:

"Mama Lugano, mwambie mke wa Lugano mbuzi kaingia kwenye maharage."

Mama Lugano, aliyekaa hatua mbili kutoka kwa Tulia, alimgeukia na kumwambia: "Mbuzi kaingia kwenye maharage."

Wakati huo mbuzi alikuwa anamalizia.

Pikapu ilikuwa na viti viwili tu, cha dereva na cha pembeni, na usukani haukuwahi kuguswa na mtu mwingine tangu mzee alipoinunua. Kwa hiyo Tulia alikuwa abiria wa bodi. Hilo halikumsumbua mtu mpaka mimba yake ilipofika mwezi wa nane. Jumapili moja, mbele ya kanisa, alikanyaga bampa ili apande, mguu ukateleza, akaanguka kwa magoti mbele ya kwaya nzima. Mzee Erasto alikuwa karibu kiasi cha kumdaka. Hakuweza kumgusa. Aligeukia ukuta wa kanisa na kusoma tangazo la mazoezi ya kwaya kuanzia juu hadi chini, mara nne.

Kikao cha familia kilikaa jioni ile ile. Mama Lugano alipendekeza kigoda, akapanda yeye mwenyewe kukijaribu, kigoda kikavunjika mguu na hoja ikaondolewa.

"Baba," alisema Lugano, "si akae tu mbele?"

Nyuma ya ukuta, Tulia aliacha kupepeta mchele.

"Gari nitalishusha," alisema Mzee Erasto.

*

Jumatano Tulia alikwenda zahanati na mama mkwe wake. Nesi alikuwa Felista, mtu wa Singida, aliyeletwa na kazi na kubakizwa na parachichi. Alimpima Tulia, akaligusa polepole kovu chini ya tumbo. Mtoto wa kwanza alikuwa ametolewa kwa upasuaji, akaishi siku mbili.

"Jumatatu mnampeleka hospitali, akasubirie huko huko," alisema Felista. "Na uchungu ukianza kabla, hakuna kusubiri. Hakuna kumkanda, hakuna dawa ya jirani. Hili kovu likiachia ndani, mama na mtoto wote wanaweza kwenda. Bodaboda nimekataza. Usafiri mnao?"

"Upo," alisema Mama Lugano kwa fahari. "Tumeshusha gari."

"Mmeshusha wapi?"

"Chini. Ili apande nyuma vizuri."

Felista aliweka kalamu. "Mama, gari lina kiti cha mbele?"

"Kipo."

"Kimevunjika?"

"Kizima kabisa. Kina na kitambaa."

Nesi alimtazama Tulia. Tulia aliitazama sakafu.

"Anaogopa baba mkwe?" Felista aliuliza taratibu.

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Lugano, akishangaa jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kutojua jambo dogo. "Anamheshimu."

*

Uchungu haukusubiri Jumatatu. Ulikuja Ijumaa, saa nane mchana, pamoja na mvua ya Rungwe, ile isiyonyesha kwa matone bali kwa ndoo. Tulia alikuwa akimenya ndizi. Aliinamia sufuria, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hii siyo kama ile ya kwanza."

Lugano, aliyetoka zamu ya usiku, alimpigia nesi simu akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Muulize, uchungu ukipoa, kovu linaendelea kuuma?" ilisema sauti ya Felista.

Lugano aliuliza. Tulia alitikisa kichwa kukubali.

"Linauma."

Sauti ya Felista ikabadilika, ikawa ya haraka.

"Gari la wagonjwa liko Mbeya na mgonjwa mwingine. Msilisubiri. Nendeni hospitali sasa hivi, nami nawapigia wajiandae. Lugano, sasa hivi, unanisikia?"

Godoro likatandikwa kwenye bodi, turubai likafungwa juu, na lazima isemwe ukweli: Tulia alipanda bila shida. Aliketi pembeni ya bodi kama anaketi kitandani, akajivuta ndani. Mzee Erasto, aliyekuwa amegeukia migomba, alisikia mkewe akisema, "Ameingia vizuri, ndaga fijo, asante sana," na kwa muda wa kama pumzi tatu alijiona mtu mwenye akili.

Mama Lugano aliingia na kukipakata kichwa cha Tulia. Lugano akaingia kushikilia turubai. Gari likaondoka, na sauti ikaanza.

Kwanza ilikuwa mkwaruzo tu. Barabara ya Lufingo ina mifereji miwili ya matairi na mgongo wa udongo katikati, na tumbo la pikapu lilikuwa likiukwangua ule mgongo kama kijiko kwenye sufuria yenye ukoko. Kisha ikaja sauti ya pili, ya kusaga, kutoka nyuma. Kila gari lilipoingia shimoni, bodi ilishuka ikakalia matairi. Harufu ya mpira unaoungua ikapanda chini ya turubai.

"Baba!" Lugano aligonga bodi. "Tairi zinaliwa!"

Mzee Erasto alisikia. Alisikia pia mkwewe akilia, kilio kifupi cha mtu anayejizuia, na mguu wake ukakanyaga mafuta wenyewe. Walishuka hadi kwenye kijito, pikapu ikaingia majini, ikatoka, ikaanza kupanda kilima. Katikati ya kilima ilipanda juu ya ule mgongo wa udongo na kukaa hapo. Matairi ya nyuma yakazunguka kwa bidii kubwa, yakirusha tope hadi kwenye migomba ya watu, na gari halikwenda popote.

Lugano na mama yake waliruka chini. Lugano alijilaza kwenye maji ya tope, akachungulia, akatoka akiwa na rangi moja toka kichwani hadi miguuni.

"Tukishuka sisi, bado. Majani ya springi yametolewa, Baba, yaliyobaki hayaibebi. Nyuma hapawezi kukaa mtu. Hata Tulia peke yake."

"Fundi alisema mtu mmoja, wawili."

"Alisema kwenye barabara gani?"

Hapo ndipo maneno yaliyopotelea kwenye honi za stendi yalipomrudia Mzee Erasto, yote, kwa mpangilio, pamoja na yule bata. Alisimama mvuani na kofia yake ya Jumapili, maji yakimwagika kwenye ukingo wake. Mji ulikuwa mbali. Nyumba ya karibu ilikuwa nyuma ya kilima. Simu ya Lugano ilikuwa imekunywa tope na kufa.

Chini ya turubai Tulia alipiga yowe. Halikuwa la uchungu wa kuja na kwenda. Lilianza na halikushuka.

"Akae mbele," alisema Lugano. Hakuwa anaomba tena.

Mzee alitazama migomba.

"Erasto!" Mama Lugano hakuwa amemwita mumewe jina hilo tangu Lugano azaliwe. Alisimama mbele yake, kanga ya mabegani imelowa, meno yakigongana. "Gwe Erasto! Nizike mjukuu wa pili kwa ajili ya kiti?"

Mzee akasema neno ambalo Lugano alikuja kulisimulia kiwandani kwa miaka, akicheka kila mara kabla ya kufika mwisho na kunyamaza kila mara akifika.

"Nipe kanga yako."

*

Kanga ya Mama Lugano ilifungwa ndani ya gari, ncha moja kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, nyingine nyuma ya viti, ikateremka katikati kama pazia la chumba cha daktari. Upande huu dereva, upande ule mkwewe. Tulia aliingizwa na mumewe, magoti yamegusa dashibodi. Mzee aliingia akiwa amefumba macho, akapapasa usukani kama kipofu, akayafumbua alipohakikisha mbele yake kuna kioo tu.

"Ikitoka usisimame!" Lugano alipiga kelele kutoka nyuma. "Hata ukituona tumeanguka! Usisimame mpaka lami!"

Walisukuma yeye na mama yake. Mama Lugano hakuwa mwembamba, na siku hiyo kila kilo yake ilifanya kazi. Bodi ikiwa tupu, gari liliinuka vidole viwili. Vilitosha. Pikapu ilikwaruza, ikaguna, ikajing'oa, ikapanda. Nyuma, watu wawili walianguka kifudifudi kwenye tope na hakuna aliyesimama kuwaangalia.

Sasa Mzee Erasto na Tulia walikuwa wawili peke yao, kwa mara ya kwanza tangu dunia ya ukoo ule ianze.

Waipa moja ilifanya kazi, nyingine ilijaribu. Pumzi zao zilijaza ukungu kwenye kioo. Mzee Erasto aliliona tuta la udongo upande wake wa kulia, akalikwepa. Akalikwepa zaidi. Kushoto hakuona kitu, kwa sababu kushoto palikuwa na kanga ya maua mekundu. Nyuma ya kanga palikuwa na Tulia, na nyuma ya Tulia palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na bonde.

Tulia aliliona. Aliona ukingo wa barabara umelowa, unamomonyoka kama sukari kwenye chai, na tairi la mbele likisogelea. Chini, mbali, aliitazama migomba kwa juu, jinsi ndege anavyoiona.

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Miaka mitatu ya kuinama, ya kupisha, ya kumeza neno kabla halijafika kwenye meno, ilikuwa imemkaa kooni kama mfupa. Alijua jinsi ya kumwambia mama mkwe amwambie. Alijua jinsi ya kumwambia Lugano amwambie. Hapakuwa na mtu wa kumwambia amwambie. Alikohoa. Akakohoa tena, mara ya pili, mara ya tatu, kama mzee mwenyewe alivyofanya kila asubuhi. Upande wa pili wa kanga, Mzee Erasto alisikia kikohozi cha heshima, akageukia dirisha lake kwa heshima, na usukani ukamteleza, kushoto.

Kipande cha barabara kilikatika. Kiti cha Tulia kilishuka upande.

Alishika kanga kwa mikono miwili akaing'oa.

"Baba, kulia! Kulia! Kulia!"

Mzee Erasto alikata usukani bila kuuliza. Tairi la nyuma lilizunguka hewani, likanyamaza, likakamata jiwe. Pikapu iliruka, ikagonga tuta la kulia kwa taa, ikaendelea.

"Kuna jiwe mbele," alisema Tulia. Machozi yalimtoka, sauti haikutetemeka. "Lipite kwa huku kwangu. Hapo. Polepole. Sasa nyoosha."

"Nimenyoosha."

"Shimo, Baba."

"Nimeliona." Akafuta ukungu kwenye kioo. "Hapana. Sikuliona. Endelea kuniambia."

Aliendelea kumwambia. Uchungu ulipomkamata alinyamaza, na mzee akaendesha taratibu mpaka aliposikia tena "kulia" au "nyoosha". Katikati ya kunyamaza kumoja kulikozidi urefu, mzee aligeuza kichwa. Alimwona. Alikuwa msichana tu, ana jasho juu ya mdomo na kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuwahi kujua lipo.

"Mwanangu," alisema. "Usilale. Usilale, mama. Shika bega langu ukiumwa. Shika kwa nguvu."

Alishika. Kucha ziliingia hadi kwenye mfupa, na Mzee Erasto akaziacha hapo mpaka lami.

*

Kwenye lango la hospitali kulikuwa na tuta la kupunguza mwendo, la kawaida kabisa, ambalo kila gari la Tukuyu hulivuka bila kufikiri. Pikapu iliweka magurudumu ya mbele ng'ambo, tumbo likakaa juu ya tuta, ikazimika. Mlinzi alikuja na mwavuli.

"Mzee, gari za kushusha haziingii hapa."

Mzee Erasto alizunguka, akafungua mlango wa kushoto, akamshika Tulia kiunoni, mkono wa mkwewe shingoni kwake, mbele ya mlinzi, wauza machungwa na muumini mmoja wa kanisa lake. Walitembea hivyo hadi mlangoni, ambapo watu wawili walikuwa tayari na kitanda cha magurudumu.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?" aliuliza nesi aliyeshika daftari.

"Baba yake."

"Jina la baba?"

"Erasto Mwakatobe."

Mlango ukafungwa. Mzee aliketi kwenye benchi. Kanga yenye maua mekundu ilikuwa mkononi mwake na hakukumbuka ni lini aliichukua. Mama mmoja alimwachia chai yake. Daktari alipotoka, alitumia maneno machache: kovu lilikuwa limeanza kuachia, mama amepoteza damu, wanamwongezea, mtoto wa kike yuko kwenye mashine ya joto na analia vizuri. Akaongeza kwamba wangechelewa nusu saa tu, asingekuja kuongea naye hivi. Mzee Erasto alisema asante, akatoka nje kuangalia kama mkewe anakuja.

Lugano na mama yake walifika jioni, kwa miguu mpaka lami na kwa lori la chai kutoka hapo, wamekauka tope kama sanamu. Mlinzi aliwakataa mara mbili.

Asubuhi waliruhusiwa kuingia wodini. Mzee Erasto alibaki mlangoni, mgongo kwa wodi, uso kwenye tangazo la chanjo. Akakohoa mara tatu.

"Jamani, babu yule apimwe kifua," alisema mgonjwa wa kitanda cha karibu.

"Lugano," aliita mzee akiliambia tangazo, "mwambie mke wako Meshaki anakuja leo. Majani ya springi yanarudi yote. Gari linapanda juu kama zamani."

Lugano alifungua mdomo kumgeukia mkewe.

"Nasikia, Baba," alisema Tulia kutoka kitandani.

Mama Lugano, aliyempakata mtoto, aliacha kumtikisa.

"Sasa likipanda juu," alisema Lugano kwa uangalifu, "siku ya kutoka atakaa wapi?"

Mzee Erasto alisoma tangazo mpaka mwisho. Alisoma na namba ya simu. Kisha akageuka, taratibu, mzima mzima, akamtazama mkwewe usoni mbele ya watu wote.

"Mbele," alisema. "Nani mwingine ataniangalizia kushoto?"